Mkono wa Eldbjørg Gizani

Filamu ilikuwa bado inachuruzika maji.

Gunnvor alisimama mlangoni mwa chumba cha giza, kidole kikiwa kwenye swichi ya taa, akautazama ule ukanda mweusi ulioning'inia kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Tone lilijikusanya kwenye ncha yake, likaanguka sakafuni. Kisha jingine. Yeye alikuwa ameshuka kuchukua chupa ya jemu tu. Chumba hicho kilikuwa kwenye kona ya ghala lililo chini ya nyumba, ukuta wake wa nyuma ukiwa mwamba mtupu wa mlima, na hakuna aliyekifungua tangu mwezi wa kumi, siku mama yake alipozikwa. Lakini hewa ya ndani ilinuka siki, ile dawa ya kuzuia picha isizidi kuiva, kali na mbichi, kana kwamba imemiminwa saa hiyohiyo.

Alipanda ngazi bila jemu.

"Baba, umeanza tena kusafisha picha?"

Torfinn alikuwa mezani akimenya viazi. Ilikuwa saa sita mchana ya mwanzoni mwa Januari, na nje kulikuwa na giza la buluu, kama inavyokuwa Skardnes, kijiji cha kaskazini ya mbali, tangu mwishoni mwa Novemba. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka tangu asubuhi.

"Mimi?" alisema. "Sijashuka huko tangu tumzike mama yako. Goti langu na zile ngazi hawasalimiani siku hizi."

"Basi kuna filamu mbichi kwenye kamba."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Ya kamera gani?" aliuliza Torfinn.

Baadaye Gunnvor alikuja kukumbuka kwamba baba yake hakuuliza ni nani aliyeitundika. Aliuliza kamera.

*

Ilikuwa nyumba ya watu watatu na kamera tatu. Torfinn alikuwa na ya filamu, ya chuma, nzito kama jiwe la kuegesha mlango. Eldbjørg, mkewe, alikuwa na ile ya papo hapo inayotema picha kama ulimi. Gunnvor, mtoto wao wa pekee, mwuguzi wa mjini Tromsø, alikuwa na ya dijitali, na kwa ajili hiyo alitaniwa kila alipokuja nyumbani.

"Huyu anapiga mia mbili ili apate moja," Torfinn alizoea kusema. "Mimi nina thelathini na sita tu. Nafikiri kwanza."

"Unafikiri mpaka jua linazama, mume wangu," Eldbjørg alikuwa akimjibu, picha yake tayari imefichwa kwapani, kwa maana kwenye baridi picha ya papo hapo haitoki rangi mpaka uiatamie kama yai. "Mimi nimeshapiga, imeshaiva, nakula andazi langu."

Maneno hayo yalisemwa kila mwaka mahali palepale: juu ya kilima nyuma ya nyumba, siku jua linaporudi. Jua hupotea miezi miwili, na siku ya ishirini na moja Januari hujitokeza kwenye pengo la milima ng'ambo ya ghuba, kwa dakika chache, na watu hula maandazi yenye jemu na kunywa kahawa kwenye theluji. Familia hii ilipiga picha. Miaka arobaini na moja, kila mwaka picha ya Eldbjørg akiwa na jua usoni. Gunnvor alizitunza kwenye albamu moja ya jalada la kijani, na tangu akiwa na miaka kumi na miwili aliandika nyuma ya kila moja kwa penseli: jina, tarehe, aliyepiga, kamera gani. Wino hula karatasi. Penseli haili.

Katika picha nyingi Eldbjørg alipunga mkono wa kushoto, ule uliokosa kidole cha mwisho. Mashine ya kukata vichwa vya samaki ilikichukua kiwandani mwaka wa sabini na tisa. Hakuwahi kuuficha. "Nipigie huu," alikuwa akisema. "Huu umepungua uzito."

*

Torfinn alishuka zile ngazi siku hiyohiyo, goti na yote. Alikuwa ameitazama kamera yake kwanza. Ndani yake palikuwa patupu, na yeye aliapa kwamba filamu ilikuwamo.

"Nilikuwa napiga kiti chake," alisema, bila kumtazama binti yake. "Asubuhi, kabla ya kahawa. Kiti tu. Mazoea, Gunnvor. Usinitazame hivyo."

"Sijakutazama hata kidogo, baba."

Waliwasha taa nyekundu. Torfinn aliweka ukanda kwenye mashine ya kukuzia, akaangaza karatasi kwa sekunde nane, akaizamisha kwenye dawa. Wakainama wote wawili, kama walivyokuwa wakiinama Gunnvor akiwa mdogo, kusubiri picha ipande.

Kwanza ilipanda saa ya ukutani. Kisha ukingo wa meza. Kisha kiti, na katika kiti, taratibu, kama mtu anayeinuka kutoka majini, Eldbjørg.

Torfinn alitoa sauti ambayo Gunnvor hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Alikuwa amevaa sweta lake la kijivu. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Mkono mmoja ulikuwa mezani, wazi, na ulikuwa na vidole vinne.

"Baba," Gunnvor alinong'ona. "Ni mkono wa kulia."

"Nimeipindua filamu," Torfinn alisema haraka. "Nimeiweka upande unaong'aa chini. Kosa la mtoto. Ngoja."

Aliigeuza filamu, akapiga karatasi nyingine. Eldbjørg akapanda tena, na sasa mkono uliopungua ulikuwa wa kushoto, kama ilivyokuwa maisha yake yote. Lakini saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa imegeuka, namba zikirudi kinyumenyume, na jiko lilikuwa upande ambao halijawahi kuwa.

Picha ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi. Jiko lilikuwa sahihi, saa ilikuwa sahihi. Aliyegeuka alikuwa yeye.

Torfinn akaichukua ile ya pili, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Nitaitundika hii," alisema.

*

Gunnvor alikipiga kile kiti kwa kamera yake ya dijitali, mara ishirini, kutoka kila upande. Kilikuwa kiti.

Usiku alikwenda kulala akiwa ameshajiambia kwamba huzuni ya mzee na dawa zilizochacha zinaweza kufanya mengi. Asubuhi alifungua albamu ya kijani ili aone uso wa mama yake kama ulivyokuwa. Mwaka wa themanini na saba, kamera ya filamu, aliyepiga Torfinn: theluji ilikuwapo, milima ilikuwapo, kofia nyekundu ilikuwapo. Chini ya kofia palikuwa peupe. Hapakuwa na mkwaruzo wala unyevu. Uso ulikuwa umetoka tu, kama chumvi inavyotoka kwenye samaki aliyelowekwa.

Alifungua ukurasa unaofuata. Huo ulikuwa salama. Akageuza picha ya themanini na saba, akasoma mwandiko wake mwenyewe wa kitoto nyuma yake: *Mama anacheka kwa sababu baba ameanguka.* Akajaribu kukumbuka kicheko hicho. Alikumbuka kuanguka tu.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na kazi zake. Torfinn alipiga kiti kila asubuhi, filamu nzima, na kila adhuhuri, walipokuwa mezani wakila samaki, kelele zilianza chini ya sakafu: bomba likifunguliwa, maji yakitiririka, kisha lile kopo la kusafishia filamu likigeuzwa juu chini, klok, klok, kimya, na baada ya dakika moja tena, klok, klok. Mtu aliyekuwa akiligeuza hakuwa na haraka. Harufu ya siki ilipanda kwenye ngazi, ikakaa kwenye mapazia na kwenye mkate.

"Unasikia?" Torfinn alisema mara ya kwanza, uma ukiwa hewani, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Yeye huyo. Mimi siku zote nilikuwa nalitikisa sana."

"Mama hakuwahi kusafisha filamu hata moja, baba. Alisema dawa zinanuka kama soksi zako."

"Amejifunza."

"Kula, tafadhali. Umebaki mifupa."

"Na wewe umekuwa mwuguzi mpaka mezani."

Picha zikaongezeka ukutani, zote zikiwa zimegeuzwa ili mkono ukae sawa, saa zote zikienda kinyumenyume. Na katika albamu nyuso zikaendelea kutoka. Gunnvor alizihesabu kila asubuhi: picha moja mpya chini, uso mmoja juu. Alianza kupiga nakala za zilizobaki kwa kamera yake ya dijitali, moja moja, kwa uangalifu, chini ya taa ya jikoni. Zilizonakiliwa hazikuguswa tena, wala nakala hazikubadilika. Kile kilichokuwa chini hakikujua kamera ya namna hiyo. Lakini Gunnvor hakuwa mwepesi. Alitaka kila moja iwe kamili, na nyuma yake pia, na penseli yake.

Lililomvunja halikuwa hilo. Lilikuwa neno dogo, asubuhi moja, baba yake akipaka siagi.

"Mama yako alilia sana siku ile ya mashine," Torfinn alisema. "Mkono wa kulia ndio mkono wa kazi, unajua. Ilibidi ajifunze upya hata kushika kijiko."

Gunnvor aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa wa kushoto, baba."

"Wa kulia."

"Wewe ndiye uliyempeleka kwa daktari. Ulikishika kidole kwenye leso."

Torfinn alitazama mikono yake mwenyewe, mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Macho yake yakajaa maji.

"Usinichanganye, mwanangu," alisema polepole. "Wa kulia. Mimi si ndiye mumewe?"

*

Siku hiyo adhuhuri, baba yake akiwa amelala kwenye kochi, Gunnvor aliitoa filamu kwenye kamera ya chuma kabla hakujawa na kelele zozote, akashuka nayo mwenyewe. Alitaka mikono yake tu iiguse, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alitaka apande na ukanda wenye picha za kiti kitupu, amwekee baba yake mbele ya macho.

Kuna kazi moja katika upigaji picha ambayo hata taa nyekundu hairuhusiwi. Filamu hutolewa kwenye kifuko chake na kuzungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki katika giza kamili, kwa vidole peke yake, na ndipo kigurudumu huingia ndani ya kopo. Gunnvor alifundishwa kazi hiyo akiwa na miaka tisa. Baba alisimama nje ya mlango akimwelekeza kwa maneno. Mama aliingia naye, kwa kuwa mtoto aliogopa, akamshikia kigurudumu.

Alizima taa. Alifunga mlango, akaweka taulo chini yake.

Giza lilimkaa machoni kama kitambaa. Alikipata kifuko, akakifungua, akaipata ncha ya filamu, akaitafuta njia ya kigurudumu na kuikosa, akaitafuta tena na kuikosa tena, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimepoa na vilikuwa vinatoka jasho kwa pamoja, na nyuma yake, upande wa mwamba ambako hakukuwa na mlango wala nafasi ya mtu kusimama, alisikia nguo ya sufu ikijikwaruza kwenye jiwe, taratibu, kama mtu anayejisogeza kutoka kwenye kitanda chembamba asimwamshe mwenzake, kisha harufu ya siki ikapungua na badala yake ikaja harufu ya sabuni ya mikono ya mama yake, ile ya kuondolea uvundo wa samaki, na kabla hajapata muda wa kupumua, mkono baridi ukaufunika mkono wake, ukakishika kigurudumu, ukakituliza, ukaiongoza ile ncha mpaka ikaingia, kwa upole uleule, kwa subira ileile ya miaka thelathini na mitano iliyopita, na Gunnvor, ambaye hakuwa amelia mazishini wala baada yake, aliusikia uso wake ukilowa, akauachia ule mkono uufanye utakavyo mkono wake, akasema ndani ya giza, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, "Mama."

Hakujibiwa. Filamu ilizunguka. Alivihesabu vidole bila kutaka: vinne.

Kisha akatambua ni mkono upi. Kidole gumba kilikuwa upande ambao hakikupaswa kuwa. Na karibu na sikio lake kitu kilivuta pumzi ya ndani, muda mrefu, kama mtu anayenusa chakula.

Aliufungua mlango kwa bega. Mwanga ukaingia, ukaiunguza filamu yote, isibaki picha hata moja.

*

Katika pande hizo, mambo ya namna hiyo yakitokea, watu huita msomaji, mtu anayesoma maneno ya siri ya kuponya na kufukuza. Hakuna anayelijadili sana jambo hilo. Gunnvor mwenyewe, katika miaka ishirini ya kazi, alishamwona daktari mzima akienda pembeni kupiga simu ili msomaji akomeshe damu kutoka mbali. Msomaji wa ghuba ile alikuwa Isak Henrik, aliyeendesha gari la kusukuma theluji barabarani mpaka alipostaafu. Aliuliza kwenye simu jina kamili la marehemu, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Gunnvor aliyataja bila kusita.

"Na nyumba imepakana na mlima?"

"Ukuta wa ghala ndio mlima wenyewe."

"Aa," alisema Isak. "Nakuja basi. Usipike chochote. Kama kuna keki, sitakataa."

Alikuja siku tatu kabla ya siku ya jua. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya manyoya yenye sikio moja lililochanika, na alivua viatu mlangoni akabaki na soksi za rangi mbili.

"Torfinn," alisema. "Umekonda kama mti wa kukaushia samaki."

"Na wewe umenenepa kama aliyewala."

"Ni keki za wajane. Wananiua." Kisha akaziona picha ukutani, na mzaha ukamtoka.

Ghalani, Isak hakuanza kwa kusoma. Aliushika mmoja wa mikanda ya zamani, akautazama kwenye taa, akaugeuza, akautazama upande wa pili. Kisha akaitazama ile kamba, na mwamba uliokuwa nyuma yake kwa umbali wa shubiri moja.

"Miaka mingapi mmezianika hapa?"

"Arobaini na ushei," Torfinn alisema.

"Uso kwenu, mgongo kwenye jiwe." Isak alitikisa kichwa. "Walio chini ya ardhi, si wafu, ni wale wenyeji wa mwambani, hawaji juu kuwatazama watu. Wanaona aibu. Lakini huyu mmemletea mkeo mpaka mlangoni, kila wiki, na yeye akamsoma kutoka upande wake. Alimpenda kama wewe, Torfinn. Ila alimjua kwa nyuma. Sasa kiti ni kitupu, amekuja kukikalia, na kila anachokosa anakichukua kwenye zile picha zenu za kweli. Akimaliza albamu, atachukua kilichomo kichwani mwako. Nadhani ameshaanza."

"Anafanya ubaya gani?" Torfinn aliuliza kwa sauti ya chini. "Ameketi tu."

Isak akaanza kazi yake. Alisoma. Alipita chumba kwa chumba, midomo ikicheza, maneno yasisikike, na alipofika kwenye mwamba aliweka paji la uso juu yake akakaa hivyo muda mrefu. Kopo likagonga mara moja peke yake, klok. Kisha Isak akamwita Torfinn kwenye jiko la kuni, akamwambia azitie humo picha zote za ukutani kwa mkono wake mwenyewe, na mikanda yake.

Torfinn alizitia. Kumi na tisa. Alitazama kila moja kabla ya kuiachia. Ya mwisho aliishika mpaka Gunnvor akageuza uso.

"Hapa ametabasamu," Torfinn alisema. "Zile za mwanzo hakuwa anatabasamu."

"Ndiyo," alisema Isak. "Ametumia ya mwaka wa themanini na saba."

Ikaingia motoni. Moshi ulikuwa mchungu, wakafungua madirisha, na baridi ilipoingia, harufu ya siki ilitoka nayo. Jikoni mkate ukanuka mkate.

Isak alikula vipande vitatu vya keki akisimama. Akiwa mlangoni, akihangaika na viatu, alisema, "Sasa nisikilizeni. Msinishukuru. Leo, kesho, kesho kutwa, mpaka jua liguse ukuta wa nyumba hii. Akinishukuru mmoja wenu, amenirudishia kazi yangu mkononi, na mimi itabidi niipokee. Nimesukuma theluji miaka thelathini na minane. Hii nayo ni theluji, isipokuwa hii inarudi na jina la mtu."

Lilikuwa agizo gumu kuliko linavyosikika. Huko mtu hushukuru kwa chakula, hushukuru kwa kahawa, hushukuru kwa mara ya mwisho mlipoonana. Hata kwenye mawe ya makaburi, chini ya jina, huchongwa *Asante kwa yote*, na jiwe la Eldbjørg lilikuwa na maneno hayohayo. Gunnvor aliuma ulimi mpaka gari la Isak likapotea kwenye kona. Torfinn alisimama kando yake, mdomo wazi kidogo.

*

Siku tatu zilikuwa njema. Nyuso hazikutoka tena. Zile zilizokwisha kutoka hazikurudi, lakini zilizobaki zilibaki, na Gunnvor, kwa kuwa sasa hapakuwa na haraka, aliacha kunakili. Alikuwa amenakili kumi na moja. Alilala usingizi. Alioka maandazi ya jua, akayajaza jemu, akatia kahawa ya moto kwenye chupa.

Walipanda kilima polepole kwa ajili ya lile goti. Torfinn alibeba kamera yake ya chuma, Gunnvor yake, na ya Eldbjørg aliivaa shingoni, kwa kuwa ilionekana vibaya kuiacha nyumbani siku kama hiyo. Anga ng'ambo ya ghuba lilikuwa la dhahabu. Kisha ukingo wa jua ukatokea kwenye pengo, ukawapiga usoni, na Gunnvor akacheka kwa sauti bila kukusudia.

"Piga, baba! Unafikiri mpaka litazama!"

Torfinn hakuinua kamera. Alikuwa anatazama chini, kwenye nyumba. Mstari wa mwanga ulikuwa unateremka kilimani chini yao, ukiipita miti midogo, ukishuka kuelekea paa. Haukuwa umefika.

"Mkono wa kushoto," alisema. "Nimekumbuka leo asubuhi. Nilikishika kidole kwenye leso ya bluu."

"Ndiyo, baba." Gunnvor aligeuka kumtazama. "Ya bluu."

"Najua hakuwa yeye, Gunnvor. Unadhani sikujua? Miaka arobaini na tano nimeushika ule mkono."

"Basi imekwisha."

"Wewe utarudi Tromsø Jumapili."

"Nitakuja kila mwisho wa wiki. Au uje ukae kwangu."

"Ndiyo," alisema Torfinn kwa upole. "Na Jumatatu asubuhi nitamenya viazi. Viwili. Nimejaribu siku hizi tatu, mwanangu. Kiti kile kikiwa kitupu kinanitazama zaidi kuliko alivyonitazama yeye."

Gunnvor aliiona simu mkononi mwa baba yake akiwa amechelewa. Alikuwa ameshabonyeza. Alikuwa ameiweka sikioni, na mstari wa jua ulikuwa umegusa bomba la moshi, bado kwenye bomba la moshi tu.

"Isak? Ni Torfinn." Sauti yake ilikuwa imara, kama ya mtu anayesoma jiwe la kaburi. "Asante. Asante kwa yote."

Kisha Isak akasema neno fupi, ambalo Gunnvor hakulisikia, na simu ikakatika. Kwenye kifua chake kamera ya mama yake ikanguruma, ikatema picha. Kwa mazoea ya maisha yote aliitia ndani ya koti, kwapani, iatamiwe. Halafu akaitoa na kuitupa kwenye theluji kabla haijatoka rangi.

Jioni ile albamu ilikuwa nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa. Theluji, milima, kofia. Zilibaki zile kumi na moja zilizonakiliwa.

Aliondoka Jumapili saa sita mchana. Alimsihi baba yake mpaka sauti ikamkauka, na yeye alimfungia mkate na jibini za safari, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia aendeshe taratibu penye barafu. Ndani ya nyumba kulinuka siki. Alipofika kwenye gari aligeuka. Torfinn alikuwa kwenye dirisha la jikoni, taa nyuma yake, akipunga. Alikuwa anatabasamu. Na pazia lilikuwa limesogezwa pembeni yake na mkono mwembamba uliovaa sufu ya kijivu, mkono wa kulia, wenye vidole vinne.

Gunnvor aliinua kamera yake akapiga. Mara moja tu. Hakutazama kioo mpaka alipofika mjini.

Ilitoka vizuri, kali na safi. Aliichapisha, akaibandika kwenye albamu baada ya zile kumi na moja: dirisha, taa, pazia likiwa limening'inia hewani bila wa kulishika, na mzee mmoja akipunga, mkono wake wa pili ukiwa umekumbatia mahali pasipo na mtu. Nyuma yake aliandika kwa penseli jina la baba yake, tarehe, aliyepiga na kamera gani.

Na chini ya hayo, kwa herufi ndogo: *Baba, peke yake.*